Mshale Ulikuwa Katikati

Enzi zetu mtoto alisema neno mara moja, basi. Mkubwa akishajibu, umejibiwa. Ukirudia, kofi linafika kabla hujamaliza sentensi. Mama yangu alikuwa na methali moja kwa makosa yote, uwe umevunja chungu au umechelewa kisimani: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Tuliokulia vijijini upande wa Namtumbo tunaelewana. Moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku umeingia hadi kwenye sare za shule, jioni ni ugali na likolo la majani ya maboga, na mtoto aliyempita mzee bila shikamoo anarudishwa kwao akiwa ameshikwa sikio.

Ila sisi tulikuwa na kitu ambacho watoto wenzetu hawakuwa nacho. Baba alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mzee, mtaalamu wa nyuki, aliyekuja na gari kubwa la diseli ambalo lilikuwa nyumba kabisa. Ndani mlikuwa na vitanda vya kukunja, jiko la gesi, sinki dogo na mapazia ya maua. Mzungu alilala humo msituni akiangalia mizinga yake. Aliporudi kwao likizo alimwachia Baba funguo, na mimi na mdogo wangu Otmari tukapewa kazi ya kufuta vumbi. Otmari alikuwa na miaka minane. Alijilaza kitandani kwa Mzungu akaagiza chai kwa sauti ya puani, nami nikamletea maji ya kisima kwenye kikombe cha plastiki. Sijawahi kufurahi vile tena, nasema kweli.

Gari lile lilikuwa otomatiki, na Baba hakuwahi kuendesha la aina hiyo kabla. Maisha yake yote aliendesha malori ya tumbaku, na kwenye malori yale mishale ya dashibodi ilikuwa imekufa zamani. Wa mafuta umekufa, wa joto umekufa, wa spidi unachezacheza tu. Dereva alipima kwa mkono. Baada ya mlima Baba aliingia chini ya lori, akaweka kiganja kwenye gia boksi, akaanza Salamu Maria. Akifika Amina mkono ukiwa bado pale, safari inaendelea. Akishindwa kabla ya Amina, wanakaa hadi ipoe. Hakuwahi kuua gia boksi hata moja, na madereva wenzake walimheshimu kwa hilo. Mzungu alipoondoka alimwachia agizo moja: "Gia boksi ikizidi moto, simama." Akamwonyesha na mshale wake, mdogo, pembeni ya usukani. Baba aliitikia kwa heshima tu.

Siku ile mimi na Otmari tulikwenda kuokota masuku, matunda ya porini, ng'ambo ya mto tuliokatazwa kuvuka. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba matamu zaidi yako nyuma ya kichuguu. Akapeleka mkono, nyoka akamuuma. Alikuwa swila. Otmari alilia kidogo tu, halafu akaniomba nisimwambie mama kwamba tulivuka mto. Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani.

Ilikuwa saa tano asubuhi, na lori la mwisho la siku lilikuwa limepita alfajiri. Baba akamlaza kwenye kitanda cha Mzungu, mama akakaa sakafuni akimshika mkono mzima, mimi nikakaa mbele, tukashika njia ya Songea. Wakati huo barabara ilikuwa vumbi na mchanga, kilima baada ya kilima. Baba aliendesha vizuri kuliko siku zote.

Kilima cha kwanza tu, akasimama. Akaingia chini. Nikasikia Salamu Maria inaanza, haikufika popote. Akatoka amebana kiganja kwapani.

"Imechemka," akasema. "Tusubiri."

Ule mshale ulikuwa mbele ya macho yangu. Sehemu nyekundu ilikuwa mbali kule mwisho.

"Baba, mshale uko katikati."

"Mshale ni wa Mzungu," akasema. "Mkono ni wangu."

Nikanyamaza.

Msiwe wepesi kumlaumu. Gia boksi ingekufa katikati ya pori, hakuna gari jingine hadi kesho yake, na mtoto angefia pale pale. Alikuwa anamwokoa mwanawe kwa akili yote aliyokuwa nayo. Tulisimama mara nne, na kila mara tulisubiri hadi Salamu Maria ifike Amina. Kope za Otmari zikaanza kushuka. Mara ya tatu aliniuliza, kwa ulimi mzito, kama chai imeshakuja. Mara ya nne hakuuliza kitu. Hospitalini muuguzi alifunua shuka, akamtazama mama, akasema laiti tungewahi kidogo. Hakusema kwa ubaya.

Mzungu aliporudi alikuta gari lake zima. Alimshukuru sana Baba.

Nimehamia Songea mjini siku nyingi, na nilipopata gari langu lilikuwa otomatiki. Fundi wangu ndiye aliyenieleza, tena akicheka: "Dada, oili ya gia boksi ya otomatiki lazima iwe moto. Digrii themanini, tisini, hiyo ndiyo afya yake. Ukiweka mkono utaungua. Ikikaribia mia na ishirini ndipo usimame." Nikamuuliza, na yale magari makubwa ya diseli ya zamani? Akasema ni yale yale, ndiyo maana waliweka mshale. Nilirudi ndani ya gari nikashindwa kuliwasha. Baadaye nikamwomba anifungie kifaa kinachoonyesha joto la oili hiyo kwenye simu. Baba sikumwambia. Miaka tisa nimekaa nayo moyoni.

Watoto wa leo tunawacheka, na wanastahili. Mtu anaiuliza simu njia ya kwenda kwa shangazi yake mwenyewe. Na midomo sasa! Binti yangu Tekla ana miaka kumi na moja, ukimpa neno moja anakurudishia matatu. Nilikuwa namnyamazisha kwa methali ya mama.

Mwezi uliopita tulikuwa tunampeleka Baba Peramiho kutazamwa macho, maana sasa anaona vivuli tu. Karibu na Maposeni akaomba tusimame. Alipapasa hadi kwenye boneti, nikamfungulia, akashusha mkono hadi kwenye gia boksi. Midomo ikaanza kucheza. Akauondoa haraka.

"Imechemka. Tusubiri."

Tekla akatoa kichwa dirishani, simu mkononi. "Babu, haijachemka. Themanini na nane. Ndiyo kawaida yake."

"Kawaida ya hili."

"Ya otomatiki zote, Babu. Hata za zamani. Mama aliniambia alimuuliza fundi."

Baba alifuta kiganja kwenye suruali. Halafu akageuka upande niliposimama.

"Siku ile ulisema mshale uko katikati."

"Ndiyo, Baba."

"Ulisema mara moja."

"Mara moja."

"Kwa nini hukurudia, mama?"

Nilikuwa na miaka kumi. Nikamwambia ukweli, kwamba enzi zetu mtoto alikuwa harudii. Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Ni yeye aliyenifundisha hivyo. Nikafunga boneti, nikamsaidia kupanda.

Wenzangu wa rika langu, mkianza kusifu adabu ya zamani, mniwie radhi nikiinuka kwenda kutazama chungu jikoni. Nayakumbuka masuku, naukumbuka moshi wa tumbaku, nayakumbuka hata yale mapazia ya maua, na vyote navitamani. Adabu ile siitamani. Tekla aliongea njia nzima hadi Peramiho, jambo lile lile mara tatu, mara nne. Nami sikumkataza. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi, babu yake alimgusa bega.

"Sema tena, mama," akamwambia. "Sema tena."