Somo Moja Mara Nne: Mwalimu Ndambiri na Darasa la Watu Tisini na Sita

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu bado umeifunika Kiirua, na Mwalimu Ndambiri tayari yumo darasani. Mbele yake wameketi wanafunzi wa ualimu ishirini na wanne. Anawaonyesha namna ya kumweleza mtoto hesabu ya kugawanya. Kabla ya jioni atalirudia somo hilo mara tatu.

"Sauti ndiyo huisha," anasema. "Hamu haiishi."

Mzaliwa huyu wa Ishiara aliajiriwa chuoni hapa mwaka 1951, darasa likiwa na watu thelathini. Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na Mau Mau. Shule nyingi zikafungwa, na waliokosa pa kusomea wakaletwa kwake. Kufikia Januari mwaka jana, alikuwa na wanafunzi tisini na sita katika chumba kimoja.

Walikuwa kimya, naye akadhani wanaelewa. Hadi siku Makandi, msichana mwenye daftari safi kuliko wote, alipopelekwa shule ya jirani kufanya mazoezi ya kufundisha. Alisimama mbele ya watoto akashindwa kutamka neno.

Ndambiri alimwuliza kulikoni.

"Mwalimu, tangu nije hujawahi kunisikia nikisema," Makandi alimjibu. "Ningeanzia wapi?"

Maneno hayo yalimchoma. Wiki iliyofuata aligawa darasa makundi manne, ili kila mmoja apate zamu ya kufundisha wenzake. Moja likiwa ndani naye, mengine yalijadiliana nje. Homugadi wa kijiji, askari wasaidizi wa serikali, walipoona watu wameketi vikundi vikundi, walidhani wanalishana kiapo cha Mau Mau. Ndambiri alilala kituoni siku mbili.

Alipoachiliwa alikwenda moja kwa moja kwa Bwana DO, ofisa Mzungu wa wilaya, akamwomba aje aketi darasani ajionee. DO alikuja. Siku hiyo zamu ya kufundisha ilikuwa ya Makandi, naye akamwita DO ubaoni kama mwanafunzi mwingine yeyote, agawanye mia moja na nne kwa nane. Mzungu alicheka, akakokotoa, na kabla ya kuondoka akatia saini kibali cha makundi kukutana.

Katika mtihani wa Desemba walifaulu themanini na mmoja. Muhula wa kwanza hawakufika nusu.

Sasa wanafunzi wanakandika kuta za chumba cha pili, na Makandi, aliyebakizwa chuoni kama mwalimu msaidizi, ndiye atakayekichukua.

"Mwezi wa kwanza atakuwa na darasa lake," Ndambiri anasema, akipangusa chaki mikononi. "Nimemwambia achukue watu thelathini. Wa thelathini na moja akibisha hodi, tujenge chumba cha tatu."