Mlangoni Anainama Kwanza

Jemimah alikuwa akimcheka mheshimiwa, na kijiji kizima cha Manga hivyohivyo. Miaka ishirini na mitano ya kuinamia kiti cha Spika kila aingiapo bungeni ilikuwa imemkaa shingoni mbunge yule, akawa anainama kwenye kila mlango: wa kanisa, wa duka, hata wa kinu cha kusaga mahindi. Hugusa kifungo cha koti, huinamisha kichwa, ndipo aingie. Akitaka kusema, hata kwenye kituo cha majani chai, huinuka nusu akangoja apewe nafasi, kisha sauti hutoka chini, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mwalimu Ochoki, mumewe Jemimah, alikuwa akimwigiza wakiwa mezani, wakacheka hadi chai ikawapalia.

Mwalimu alizikwa Alhamisi. Wakubwa wengine walikuja, wakahutubia, wakaenda zao. Jumapili, turubai limeshaondolewa na nyumba imenyamaza, mheshimiwa akatokea mlangoni bila dereva, viatu vimejaa udongo wa kilima. Akagusa kifungo. Kisha akakiinamia kiti kitupu cha Mwalimu pale dirishani, chini kabisa, akakaa hivyo kwa muda.

"Bwakire, mama," akamsalimu kwa Kikisii. "Naomba nafasi."

Jemimah akamsogezea kigoda. "Alikuwa akikuigiza, mheshimiwa."

"Najua. Nilimfumania mara mbili." Akakitazama tena kile kiti. "Aliinama vizuri kuliko mimi."

Jemimah akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akaenda kuinjika chai.