Majani Mabichi Ndani ya Tangi

Watu wa Kayanga wakisimulia kifo cha kaka yangu husema "shoti", neno moja tu, kisha wanaendelea na soda yao. Neno hilo linanikera. Kilichomuua kaka yangu mimi nakijua kipande kwa kipande, na nimekieleza kwa mafundi wengi ambao hawataki kusikia. Mtu mmoja tu ndiye aliyetaka kujua kwa dhati, mama mmoja wa kijiji cha Rugu ambaye tulikuwa tunamfanyia kazi siku ile. Yeye alitaka kujua kama ni mkono wake uliomuua.

Kaka na mimi tulikuwa mafundi wa kuchomelea. Yeye ndiye aliyenifundisha, na ndiye aliyewanyamazisha waliocheka kumwona mwanamke nyuma ya ngao ya uso. "Chuma hakiulizi," alikuwa akiwaambia, kisha ananigeukia na kunifokea kwa sababu mshono wangu umepinda. Tulitengeneza mageti, vitanda vya bweni, madirisha ya makanisa, na matela ya kubebea ndizi. Maisha yetu yalikuwa ya jasho na macho mekundu, lakini tulikuwa tunaelewana.

Halafu likaja sanduku. Aliliona kwa fundi mmoja aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa barabara, akalitamani mpaka akalipata. Kwa wasiolijua, ni kisanduku cha kubeba mkononi, ukubwa kama tranka la mwanafunzi wa bweni. Ndani yake mna mzingo wa waya mwembamba wenye dawa katikati. Magurudumu mawili madogo huubana waya huo na kuusukuma kupitia mpira mrefu hadi kwenye kishikio tunachokiita bunduki, na ukibonyeza kitufe waya unatoka wenyewe na kuchomelea, bila kubadilisha rodi kila mara. Sanduku halina umeme wake. Linaunganishwa kwa kebo na jenereta ya kuchomelea, na kebo hiyo unaweza kuivuta mbali sana. Jenereta inabaki barabarani, wewe unaingia na sanduku mpaka kazi ilipo.

Kwa nchi yetu hiyo ni neema. Huku nyumba imekaa katikati ya kibanja, yaani migomba na kahawa vimeizunguka pande zote, na njia ya kuingilia inatosha mtu na baiskeli yake. Kuburuta jenereta humo ni kuvunja migomba ya watu na kugombana. Kaka alilipenda lile sanduku kupita kiasi. Alilipangusa vumbi kuliko alivyopangusa viatu vyake vya kanisani.

Lakini lilikuwa la zamani, na lilikuwa na tabia moja mbaya. Masanduku mapya yana kikatio ndani, kwamba usipobonyeza kitufe waya hauna umeme. Letu halikuwa nacho. Jenereta ikishawaka, waya wote una umeme, na mzingo, na magurudumu, na ncha ya shaba ya bunduki, hata kama kidole chako kiko mbali na kitufe. Kaka alijua. Mimi pia nilijua, maana yeye ndiye aliyenieleza. Kujua kitu na kukikumbuka ukiwa na jasho hadi kwenye kope ni mambo mawili.

Kazi ya Rugu ilikuwa ya tangi la chuma. Familia ile ni ya wafugaji waliotulia, wana kibanja chao, na nyuma ya kibanja panaanza nyika wanakochungia. Tangi lilikuwa la kunyweshea ng'ombe, limekaa juu ya msingi wa mawe, na sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ikapasuka. Kutoka nje huwezi kuufikia ule ufa. Ilibidi mtu aingie kwa tundu la juu, ambalo mabega yanapita kwa shida, na achomelee akiwa amekaa ndani.

Maji yalikuwa yamekwisha kumwagwa ila tope lilibaki. Tuliacha jenereta kwenye pikapu barabarani, tukavuta kebo kupita kwenye migomba, tukateremsha sanduku ndani ya tangi kwa kamba kwa sababu mpira wa bunduki usingefika chini kutoka nje. Kibanio cha athi, kile kinachorudisha umeme kwenye jenereta, nacho kilifungwa ndani karibu na ufa, maana nje tangi lilikuwa na rangi nene. Ubao wetu mkavu, ule tunaoukalia siku zote kwenye chuma, kaka aliuweka chini ya sanduku ili lisiguse tope. Mpaka leo nikifikiria hilo nataka kumpiga kofi. Mashine ilikaa pakavu, na mtu akabaki na tope.

Ndipo mama mwenye nyumba akaona. Alikuwa amesimama na kibuyu cha maziwa, anasubiri tumalize kufunga nyaya ili tunywe. Akasema haiwezekani mgeni wake akae kwenye uchafu namna ile. Akaingia mgombani na kisu, akarudi na majani mapana mabichi na magamba ya shina la mgomba yaliyobanduliwa, mzigo wa kukumbatia. Akampa kaka, kaka akashukuru, akayatandika vizuri kama mtu anayetandika kitanda.

Mtu wa kwingine angeshangaa. Sisi hatukushangaa hata kidogo. Huku kwetu jani la mgomba ndilo mkeka, ndilo sahani, ndilo mfuniko wa chungu, ndilo mwavuli mvua ikikukuta njiani. Nyama ikichinjwa inalazwa juu yake. Mgeni akija kibanjani unamkatia jani akae, na ukimwacha akae chini hivi hivi watu watakusema. Jani ni laini, ni baridi, maji yanateleza juu yake, kwa hiyo mkono unakwambia ni kavu. Na kila mmoja wetu aliyewahi kukata mgomba anajua kwamba ndani yake ni maji matupu, yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko na kuchafua nguo. Tulilijua hilo kama wakulima. Kama mafundi hatukuwahi kulifikiria.

Kaka alichomelea vizuri kwa muda. Mimi nilikaa juu karibu na tundu, kazi yangu ikiwa ni kumwangalia. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu tangu zamani, mmoja ndani na mmoja nje, na zamani aliye nje alikuwa na mashine miguuni pake, tayari kuizima. Tulihamia kwenye sanduku, desturi ikabaki ilivyokuwa. Jenereta ilikuwa ng'ambo ya kibanja, haina mtu.

Nilisikia waya ukikwama. Kaka alisema ncha imeziba, akaniomba nyingine, nikampa. Alivua glavu kwa sababu ncha ni ndogo na haishikiki kwa ngozi nene. Nikageuka kumjibu mama kitu kuhusu maziwa. Nilipogeuka tena alikuwa ameishika bunduki kwa mikono miwili kifuani, ngao imemwangukia shingoni, na mwili mzima ulikuwa ukitetemeka kidogo kidogo. Hakupiga kelele. Umeme ule haukuachii koo la kupigia kelele.

Sikumgusa. Nalisema wazi kwa sababu wapo walionong'ona msibani kwamba ningemvuta. Ningemvuta tungezikwa wawili. Nilivuta kebo kwa nguvu zangu zote nikidhani itachomoka kwenye sanduku, lakini maungio yake ni ya kuzungusha, hayachomoki kwa kuvutwa. Sanduku likaanguka kutoka kwenye ubao na kumgonga mguu. Hapo nikaruka chini nikakimbia. Nilikimbia kibanja kizima, juu ya nyasi zilizotandazwa chini ya migomba, nikianguka na kuamka, na mama yule akilia nyuma yangu bila kujua kilichotokea. Nilipoizima jenereta kimya kilikuwa kikubwa mno.

Vijana wa kuchunga walisaidia kumtoa. Lile tundu lilimpa taabu hata akiwa hana uhai. Nilimbonyeza kifua juu ya nyasi, nikambonyeza tena kwenye pikapu njia nzima, na hospitalini daktari alinishika mkono akaniambia niache sasa.

Msibani mama wa Rugu alikuja na ndizi na maziwa, akakaa mbali na wengine. Maneno yalikuwa yameshaanza. Watu hawakusema majani. Walisema ule mji wa mama una kitu, kwamba fundi kaingia mzima katoka maiti, kwamba mama yule alimpa kaka yangu kitu kwa mikono yake. Maziwa yake hayakunyweka, yalikaa pale mpaka yakaganda. Niliona, na roho iliniuma, lakini siku hiyo sikuwa na nguvu za kumtetea mtu.

Sanduku sikulitupa, ingawa mama yetu aliniomba. Nalitumia, kwa hasira. Sasa ncha haibadilishwi mpaka jenereta izimwe na mkono wangu mwenyewe uthibitishe kwamba imezimwa. Jenereta haikai bila mtu. Kebo naikagua yote, hata pale panaponichosha, na waya napouingiza kwenye magurudumu naelekeza bunduki mbali na uso wangu na wa mwingine. Sichomelei nimekaa juu ya chochote ila ubao mkavu au mpira wa tairi, na kama hakuna, narudi nyumbani. Wateja wananiita mwoga. Waniite.

Asubuhi moja, msiba ukiwa bado mbichi, mama wa Rugu alishuka kwenye bodaboda mbele ya karakana yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Pole tena, waitu, mwenzetu."

Nilimpa stuli, akakataa kukaa. Alisimama mlangoni akiwa ameshika ncha za kitenge chake. Alikuwa amekonda.

"Nimekuja na swali moja," alisema. "Wanasema mengi, mimi siwajali. Nataka wewe uniambie, maana wewe ni fundi na ulikuwepo. Yale majani niliyompa kaka yako. Ndiyo?"

Nililijua swali hilo kabla hajafika. Nilishalifikiria kitandani na njiani, na nilikuwa nimeamua kumjibu hapana. Ni mashine, mama, ni mashine tu, nenda ukalale. Mtu aliyemkatia mgeni jani kwa upendo hastahili kubebeshwa maiti. Nilifungua mdomo kusema hivyo hivyo, lakini yeye hakungoja. Aliendelea kuzungumza haraka, kama anaogopa jibu langu.

"Maana mzee wangu kapata fundi mwingine, wa kutoka Kyerwa. Ng'ombe wanateseka, wanakwenda mbali kunywa. Nimemwacha anafungua nyaya zake aingie. Nimemtandikia mwenyewe, majani mabichi, mengi kuliko yale, maana tope limezidi. Ila nikasema nije kwako kwanza, roho yangu itulie."

Nilimwomba namba ya mzee wake. Nilikosea kubonyeza, nikarudia. Simu iliita na kuita. Alipopokea nilisikia jenereta ikinguruma nyuma ya sauti yake.

"Zima jenereta!" nilipiga kelele. "Zima kwanza, tutasalimiana baadaye!"

"Nani mwenzangu?"

"Dada wa marehemu! Zima, mzee wangu, nakuomba, zima!"

Nilimsikia akiita watu, kisha miguu, kisha kishindo. Mngurumo ukakatika. Fundi alifoka kutoka mahali penye mwangwi, akiuliza ni nani anayemchezea kazi yake. Sikuwahi kufurahi hivyo kufokewa na mtu.

"Mtoeni humo," nilisema, na bado nilikuwa nikipiga kelele, sikuweza kuishusha sauti. "Majani yote yatolewe, na magamba. Yana maji ndani, yanapitisha umeme. Mpeni ubao mkavu. Hayo majani ndiyo yaliyomuua kaka yangu, mnanisikia? Ni majani!"

Mzee alisema wamesikia. Nikakata simu.

Mama alikuwa pale pale mlangoni. Kitenge kilikuwa kimemtoka begani kimelala kwenye vumbi la chuma, na hakukiona mpaka nilipoinama kumwokotea. Alikikung'uta taratibu, akajifunga. Swali lake hakulirudia.

"Ahsante, waitu," alisema, akatoka kwenda kutafuta bodaboda.