Fungate Katika Msimu wa Kupulizia

Jumanne iliyopita, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa katika duka la steshenari hapa Masasi nikisubiri nakala za vyeti vyangu. Mbele yangu walisimama mume na mke kutoka Chiwata, watu wazima wenye wajukuu, wakimwomba binti wa kompyuta awaonyeshe hoteli za ufukweni. Walifunga ndoa msimu wa kupulizia mikorosho dawa, fungate ikaahirishwa, na haijafanyika hadi leo.

Mke aligusa picha ya tatu. "Hii, ambayo wanapika wao."

"Na bahari yake je, Mama Upendo?"

"Bahari nitaitazama nikishashiba."

Binti akauliza tarehe. Mume akavua kofia. "Weka baada ya kupulizia."

"Baada ya kupulizia ni kuokota," mke alisema taratibu, akikunja kidole kimoja kimoja. "Baada ya kuokota ni mnada. Baada ya mnada ni kulima. Baba Upendo, nizeeke mara ngapi?"

Mume aliikodolea macho ile picha. "Bomba la dawa atashika nani?"

"Kaka yangu. Nilishamwomba, amekubali."

Mume akavaa kofia yake. "Andika Ijumaa, mwanangu."

"Ijumaa ipi?" mke akadakia.

"Hii hii, kabla kaka yako hajaghairi."

Katika utumishi wangu ofisini niliwajazia wafanyakazi wengi fomu za likizo. Mkulima hana ofisi ya kumwidhinishia yake, nami nilidhani ndiyo sababu haipati. Kumbe mwenye mamlaka hayo yumo nyumbani mwake miaka yote.