Tyubu ya Lori Chini ya Pikapu

Mume wangu ni fundi wa magari Kawangware, na kwa miaka mingi vyombo vyangu vya jikoni vilikuwa vikihamia huko kimoja kimoja bila kurudi. Sufuria ya chai ilienda kukinga oili chafu. Uma aliuponda kwa nyundo ukawa kitu cha kuchokolea plagi. Siku moja feni belti ya gari la mteja ilikatika njiani, naye akalifikisha gari hilo hadi mtaa wa Satellite kwa soksi zangu ndefu za kanisani, alizozisokota na kuzifunga fundo mahali pa belti. Nilipouliza ndara zangu ziko wapi, niliambiwa amezikata vipande akaviweka chini ya injini ya mtu isitetemeke. Hakuwa mtu wa kujibu kwa ukali. Alikuwa akiniambia kwamba kifaa cha kweli kiko dukani na mteja yuko hapa, amesimama.

Majirani zetu wa Mashimoni walikuwa wakicheka wakisikia hayo. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa naona vile amezoea kufaulu kwa vitu vya kuokoteza, na mazoea hayo yalinitia wasiwasi. Nilimwambia mara kadhaa. Akasema nina mdomo, kisha akaniomba chai.

Jumapili hiyo nilienda kanisani peke yangu. Mama mmoja wa mtaa wa Ayany, muuza viazi, pikapu yake ilikuwa imekwama gereji ikiwa na mzigo, klachi imeisha, na viazi vilikuwa vimeanza kutoa harufu. Mume wangu alikuwa amemwahidi kwamba ataondoka nayo siku hiyo. Nilipotoka kanisani nilipika ugali na mboga, nikafunga chakula kwa kitambaa nikampelekea, na nguo yangu ya kanisani bado iko mwilini.

Kile tunachokiita gereji ni uwanja wa udongo ulioshiba oili kando ya barabara, unaoteremka kidogo kuelekea mtaroni. Siku za kazi hapo huwa na kelele za nyundo mpaka huwezi kusikiana na mtu. Siku hiyo mafundi wengine walikuwa kwao. Yule mama wa viazi alikuwa ameketi juu ya jiwe chini ya mwavuli, na pikapu yake ilikuwa imeinua pua. Chini yake ilitokeza miguu ya mume wangu.

Nikamwita kwa jina la mtoto wetu, kama nilivyozoea, nikamwambia chakula kitapoa.

"Nakuja," akasema. "Imebaki bolti moja."

Niliinama kidogo kutafuta mahali pa kuweka chakula, ndipo nikaona alivyoisimamisha ile gari. Upande mmoja ulikuwa juu ya jeki, ile jeki kuukuu iliyokuwa ikishuka yenyewe ukiiacha. Upande wa pili ulikuwa juu ya bloki ya simiti, ya zile zenye matundu za kujengea ukuta. Magunia ya viazi bado yalikuwa nyuma. Nikamuuliza yule mama mbona hawakushusha mzigo. Akasema fundi amemwambia uzito uko nyuma, mbele ni kwepesi.

Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie atoke. Kukasikika mlio mdogo, kama mtu anayevunja muwa gotini. Bloki ikageuka kokoto. Jeki ikapinda, ikalala upande, na pikapu ikashuka yote kwa pamoja, taratibu kiasi kwamba kwa sekunde ile sikuelewa kilichotokea. Miguu yake iliinuka, ikagonga chini, ikatulia.

Kilichozuia gari isifike chini kabisa ni gurudumu alilokuwa amelifungua na kulisukuma chini ya fremu. Lakini nafasi iliyobaki haikumtosha mwanamume mzima. Giaboksi ilikuwa imemkalia kifuani.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua wanaume walikuja wakikimbia, vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria, na watu wawili watatu waliokuwa wakitoka ibadani na makoti yao. Walishika bampa wakahesabu, wakainua. Gari ilipanda kidogo, kisha ikateleza upande wa mtaro, na kutoka chini yake ikaja sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Niliwaambia waache. Wakaishusha, na nashukuru waliishusha polepole.

Nililala chini kwenye ule udongo wa oili, nikaingiza kichwa na bega mpaka nikamfikia. Uso wake ulikuwa umegeuzwa upande wangu, rangi ya majivu, macho wazi. Nilidhani amekufa. Halafu midomo ikacheza. Nilisogeza sikio hadi likagusa shavu lake.

"Wasiinue," akasema. Ilimchukua muda kupata pumzi ya neno lingine. "Inateleza. Viazi kwanza."

Nikarudia kwa sauti ili walio nje wasikie. Kisha nikarudi kusikiliza.

"Tyubu," akasema. "Ya lori. Pampu ya mguu."

Nilipowaambia hivyo, kijana mmoja wa bodaboda alichuchumaa karibu nami.

"Mathe, huyu anaisha," akasema. "Tuitoe hii kitu na mikono, tuko wengi."

"Yeye ndiye anasema," nikamjibu. "Fanyeni vile anasema."

Mama wa viazi alikuwa wa kwanza kutii. Alijifunga leso kiunoni, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kuyavuta magunia mwenyewe, huku vijana wakiyapokea mabegani bila kupanda juu. Kila gunia lilipotoka, springi za nyuma zilijinyoosha na chuma kikalia juu ya kichwa changu. Nilikuwa naangalia macho ya mume wangu. Yakijifunga niliwaambia wangoje, yakifunguka niliwaambia waendelee.

Ng'ambo ya barabara kuna mzee anayeziba pancha. Tyubu za lori anazo, lakini huzikata mikanda ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, kwa hiyo nzima ilikuwa moja tu, ile aliyokuwa akiikalia. Aliileta mwenyewe pamoja na pampu. Ilikuwa na viraka juu ya viraka. Alisema wazi mbele ya wote kwamba haiamini, ila hana nyingine.

Waliikunja ikiwa haina hewa hata kidogo, wakaisukuma chini ya fremu, kando ya mbavu zake, ili ikijaa hewa iinue gari. Chini walitandika gunia, na juu, ili chuma kisiitoboe, wakaweka ubao walioung'oa kwenye kibanda cha kuuzia mboga. Mzee alikuwa na kompresa ya petroli pale kwake, na mtu akataka kwenda kuiwasha. Niliona mume wangu akitikisa kichwa, kidogo sana. Nikakumbuka alichosema, nikawaambia ni pampu ya mguu tu, hewa iingie polepole.

Kijana yule aliyetaka kutumia mikono ndiye aliyepiga pampu. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Tyubu ilijaa upande, ikatoka nje kama tumbo, ikarudi. Ubao ukalia. Mume wangu alikuwa ameacha kuongea, na pumzi zake zilikuwa fupi, nyingine sikuzisikia kabisa. Nikaanza kumwambia habari za kanisani. Nani alihubiri, nani aliimba, mtoto wa nani alilia mpaka akatolewa nje. Sikujua niseme nini kingine.

Halafu tyubu ikaanza kulia sss. Kiraka kimoja kilikuwa kinaachia. Pampu ikasimama. Mzee wa pancha alipiga magoti, akaingiza mkono wote chini ya gari, akatafuta mahali hewa inatoka, akapakandamiza kwa kidole gumba.

"Piga," akamwambia kijana. "Usiniangalie mimi."

Tyubu ikipasuka, mkono ule ungebaki huko, na kila mtu alijua. Alifumba macho akatulia kama mtu aliyesinzia.

Kijana akapiga. Gari ikaanza kuinuka. Haikuinuka kwa kurukaruka kama kwa jeki, ilikuwa inapanda kwa namna usiyoiona mpaka uangalie pembeni kisha urudi. Kila ilipoongezeka kidogo, wanaume walisukuma kitu chini ya fremu isirudi: rimu, kipande cha reli, miti ya kibanda kilichokwisha kung'olewa ubao. Mimi nilikuwa nimekazia macho mahali pamoja, pale chuma kilipogusa shati. Nikaona uzi wa mwanga ukipita katikati.

Mume wangu alivuta pumzi ndefu, akakohoa, na kile kikohozi kilimuuma hadi machozi yakamtoka. Nilitaka kumvuta saa ile ile. Mzee akanizuia, akasema mpaka kila upande uwe na kitu kigumu chini yake. Tulingoja. Kisha wakateleza gunia chini ya mgongo wake, wakamtoa kwa pamoja, miguu kwanza, na mzee akawa wa mwisho kutoa mkono wake chini ya gari. Kidole kilikuwa cheupe. Alikitikisa, akaanza kutafuta pampu yake.

Hospitalini walituambia ni mbavu na mfupa wa bega, na kwamba pafu limechubuka lakini litapona. Mama wa Ayany alikaa nasi kwenye benchi hadi jioni, mchanga wa viazi bado umemjaa mikononi. Aliniuliza kama nimekula, nikakumbuka kwamba chakula nilikiacha pale pale uwanjani, na kwamba mimi mwenyewe ninanuka oili.

Mbavu zilipona polepole. Alilala ameketi, akiegemea mito, na akicheka alinishika mkono. Aliporudi kazini, fundi mwenzake alikuwa ameshaunga miguu ya chuma ya kusimamishia magari, kwa mabomba mazito, na gereji yote inaitumia. Yeye alifanya kazi za juu: plagi, kabureta, nyaya. Akihitaji mtu wa chini, anamwita mwenzake.

Miezi ikapita, nikadhani hilo limeisha. Jioni moja alirudi nyumbani mapema, akaketi kitandani bila kuvua viatu. Mteja wake wa zamani alikuwa amekuja na gari lenye shida ndogo chini, kitu cha dakika chache, na mwenzake hayupo. Alisimamisha gari vizuri kwa ile miguu ya chuma, akalisukuma kwa bega kuona kama linatikisika, halikutikisika. Akatandika katoni, akalala chali.

"Nimeshindwa kuingia," akaniambia. "Kichwa kimekataa kupita ile bampa."

Alikuwa anaangalia mikono yake, na nilijua anangoja nione haya kwa niaba yake, au nimtie moyo. Nilimvua viatu, kimoja kisha kingine. Nikamuuliza kama yule mteja alikasirika. Akasema hapana, alikubali tu kurudi kesho. Nikamwambia basi kesho mwenzake atakuwepo, nikaenda kuwasha jiko.