Cherehani ya Duka la Mwisho

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, maduka sita ya njia ya Ulaya, ile barabara ya wakoloni, yalibaki yenyewe porini. Mwenye maduka aliishi Kilosa mjini, na baba alikuwa msimamizi wake. Kila asubuhi tulirudi kwa miguu, yeye na mimi bintiye niliyekuwa nimeachika. Tulifagia, tukafungua madirisha hewa ipite, tukabomoa vichuguu vya mchwa. Baba alitaka wapangaji wakirejea wakute nyumba, si gofu. Mimi niliona tunatwanga maji kwenye kinu.

Kilichoniudhi zaidi ni hodi. Baba hakuingia chumba chochote kabla ya kupiga hodi na kusubiri. Siku moja, kwenye duka la mwisho, sauti ikajibu, "Karibu." Nusura nitupe ufagio.

Ndani alikuwa fundi cherehani, mpangaji wetu wa zamani, mzee asiye na mke wala mtoto. Kijijini waliamini ameliwa na simba upande wa Mikumi. Kumbe alitoroka. Alikanyaga cherehani isiyo na uzi wala kitambaa, sindano ikipanda na kushuka bure. Akamwomba baba asimtoe. Mgambo wakimkuta wangemrudisha kwa nguvu, na baba angeingia matatani. Baba akaniambia nifagie na humo.

Basi nikawa nampelekea ugali, baba akifunga kufuli kwa nje. Wapita njia walisikia cherehani ndani ya duka lililofungwa, wakaanza kulikwepa. Wakamuuliza baba kama ni mzimu wa fundi. Akaitikia kuwa ndio. Uongo ule ulinitia baridi kuliko sauti yenyewe.

Ndipo ikaja amri mabati yaezuliwe, yakaezekee duka la kijiji. Wanaume walipofungua bati la chumba cha mwisho, jua likamwangukia fundi.

"Shikamoo, mzee," mmoja akamwamkia kutoka juu.

"Marahaba," akajibu bila kuinua kichwa.

Wakatazamana, wakalirudisha bati na kupigilia misumari. Kijijini wakasema chumba kile kina mzimu, hawakigusi.

Fundi aliishi humo hadi masika yaliyofuata. Alipofariki, walewale wa mabati walikuja kuchimba kaburi nyuma ya duka. Niliweka mikono kichwani nipige yowe, baba akaniziba mdomo. Kijiji kizima kilikwisha kumlilia zamani, na sisi tuliompenda hatukuwa na ruhusa.