Koili ya Mbele Kushoto

Mama Januari alikuwa na hasira tangu Jumatatu, na hasira yake haikuwa ya kelele. Ilikuwa ya kubamiza vifuniko vya masufuria. Miaka kumi na mmoja alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya kiwanda cha pamba, Shinyanga mjini. Alitoka Samuye akijua kuni na mafiga tu, akajifunza jiko la umeme mpaka likamtii, na hakuna mgeni aliyewahi kurudisha chakula chake.

Kisha akaletwa meneja mpya kutoka Tanga, Bwana Zamoyoni, mtu nadhifu kupita kiasi, shati limenyooka asubuhi mpaka jioni. Tangu afike, koili ya mbele kushoto ilikuwa imeungua mara mbili, na kila mara alimwandikia Mama Januari barua: uzembe, kulimwagia jiko uji, kuharibu mali ya umma. Barua ya tatu ingekuwa ya kufukuzwa kazi, na kila mtu kiwandani alilijua hilo. Jumatatu hiyo koili ikafa tena.

"Nimekuvumilia vya kutosha," meneja alimwambia Jumanne asubuhi. "Barua yako utaipata saa nne."

Uji, eti. Mwanamke aliyelea watoto saba kwa uji leo haambiwi hajui kuuchunga.

Saa mbili akaja Makoye, fundi umeme wa kiwanda, na koili mpya mkononi.

"Shikamoo, mayu," alimwamkia, kama Wasukuma wamwitavyo mama.

"Marahaba. Hiyo usiifunge kwanza. Mara mbili umefunga ukaondoka zako. Leo utaniambia inakufa kwa nini."

Makoye hakupenda kuamrishwa na mpishi, lakini aliuona mwiko ulivyoshikwa. Akazima swichi kuu, akachomoa koili iliyokufa, akaichomeka kwenye tundu la kulia. Akawasha. Ikabaki baridi. Akazima tena, akaichukua koili nzima ya kulia, akaitia kwenye tundu la kushoto. Alipowasha, ikawa nyekundu.

"Tundu zima, swichi nzima," alisema. "Ubovu ni wa koili yenyewe. Ona miguu yake ilivyoliwa."

"Imeliwa na uji?"

"Uji ungeacha ukoko." Akazima, akalegeza skrubu na kulitoa bakuli la bati lililokaa chini ya koili. Ndani mlikuwa na majivu na vipande vidogo vyeusi. "Huu ni mkaa, mayu. Unaangukia miguuni mwa koili, unaiunguza. Nani anawasha mkaa humu?"

Mama Januari akaugeukia mlango. Mlango wa jikoni ulikuwa na funguo mbili, mmoja wake, mmoja wa meneja. Nyuma ya mlango wa stoo ilikaa pasi ya mkaa ambayo meneja alikuja nayo, na kila alfajiri Mama Januari aliikuta bado ina joto. Siku zote alidhani mkaa wake unawashwa uani, kama wanavyofanya watu wengine. Kumbe bwana mkubwa aliona uvivu kupepea. Aliupanga mkaa juu ya koili, ukashika upesi, akanyoosha shati lake, kisha akalivaa shati hilo hilo akakaa kumwandikia yeye barua ya uzembe. La shati ndilo lililomchoma zaidi.

Akalibeba bakuli mpaka ofisini, Makoye akimfuata, na kulitua juu ya karatasi ambayo meneja alikuwa karibu kuitia sahihi.

"Nani amekuruhusu kufungua jiko?"

"Mkaa wa pasi yako huo, Bwana Meneja. Makoye ameutoa chini ya koili kwa mkono wake."

Meneja akalitazama bakuli, kisha akamtazama Makoye aliyesimama mlangoni na bisibisi yake bila kurudi nyuma. Akaivuta karatasi, akaichana vipande vinne, akavitupa kapuni.

"Basi, yaishe. Rudi kazini, wageni wanasubiri chai."

Hata pole hakusema. Mama Januari akavuta kiti cha wageni, kiti ambacho kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akikifuta vumbi tu, akakaa.

"Kuna barua mbili nyingine kwenye faili langu," alisema. "Wageni watasubiri."

Meneja akaanza kutafuta ufunguo wa kabati la mafaili.